Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kadi ya Waifai, Fundi wa Kariokor na Lugha ya Ufundi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutajwa sana katika hafla za kuwalaki wageni, na ni nadra msemaji kusita akajiuliza mgeni humponya vipi mwenyeji wake. Katika vibanda vya mafundi wa tarakilishi mtaani Kariokor, Nairobi, swali hilo lina jibu la kushikika. Mwenyeji ni kipakatalishi kikuukuu ambacho hakishiki tena mtandao. Mgeni ni kadi ndogo, inayokaribia ukubwa wa stempu ya posta, iliyochomolewa katika mashine nyingine iliyokufa. Mgeni akipokelewa, mwenyeji hupona. Akikataliwa mlangoni, wote wawili huishia jaani.

Makala haya yanaitumia kazi hiyo ndogo ya kubadilisha kadi ya waifai kutoa hoja moja kuhusu Kiswahili. Kwa muda mrefu juhudi za kukiwezesha Kiswahili kueleza teknolojia zimeelekezwa kwenye majina: kifaa hiki kiitweje, na kile kiitweje. Orodha za istilahi zimetungwa, zikapigwa chapa, zikajadiliwa na kupingwa vyuoni. Hata hivyo, kutengeneza ni kutenda, na utendaji huelezwa kwa vitenzi. Vitenzi hivyo vimo tayari vinywani mwa mafundi. Kinachokosekana ni mtu wa kuviandika, hatua baada ya hatua, na mtu huyo yafaa awe mwanafunzi wa Kiswahili.

Mtaa na Jina Lake

Kariokor ni mahali panapofaa pa kuanzia hoja hii. Jina la mtaa huu, ulioko mashariki ya kitovu cha jiji, jirani na Ngara, Ziwani na Pumwani, limetokana na maneno ya Kiingereza Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi walioandikishwa, wengi wao kwa nguvu, kuwabebea Waingereza mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia 1914 hadi 1918. Mamia ya maelfu ya Waafrika waliingizwa katika kazi hiyo. Maelfu kwa maelfu hawakurudi makwao, na waliouawa na maradhi na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Jijini Dar es Salaam jina hilohilo likawa Kariakoo.

Mwanafunzi wa isimu hana budi kuyatazama majina haya mawili kwa makini. Hakuna kamati iliyoketi kuyasanifu. Wakazi waliyasikia maneno ya kigeni, wakayapitisha katika vinywa vyao, wakayapa kazi ya kufanya. Kariakoo limepata irabu yake ya mwisho na kuketi sebuleni kama mwana wa nyumba. Kariokor nalo, katika maandishi, lingali na konsonanti yake mwishoni, mithili ya mgeni aliyeingia ndani kabla ya kuvua viatu. Hata hivyo majina yote mawili yanatumika bila taabu. Watu huyatumia kupanda magari, kuagana, kuuza na kununua. Soko la Kariokor lasifika kwa vyondo, viatu vya ngozi na nyama choma, na hakuna mnunuzi aliyewahi kukosa kiondo kwa sababu jina la soko halikuwa sanifu.

Haina, au Haishiki?

Uchukuliwe sasa mfano wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayesomea Kiswahili. Mfano ni wa kubuni, ila hatua zake ni zile zile apitiazo kila fundi wa kazi hii. Mwanafunzi huyu ana kipakatalishi kilichokwisha kupita mikononi mwa wenyewe wawili kabla yake. Kazi ya mwisho ya muhula inatakiwa baada ya siku nne, na makala anayoyahitaji yamo katika maktaba ya mtandaoni. Mashine imeacha kushirikiana naye. Anashuka Kariokor.

"Habari ya kazi, fundi."

"Nzuri, dadangu. Mashine ina neno gani?"

"Haina intaneti."

"Haina, au haishiki?"

Mwanafunzi anapigwa na butwaa. Amesoma mofolojia kwa miaka mitatu. Anaweza kukichambua kitenzi chochote mofimu kwa mofimu. Lakini hajawahi kuulizwa swali ambalo jibu lake limefichwa katika kitenzi kiasi hiki. Fundi anamwona akisita, anamsaidia.

"Yaani haioni mtandao wowote? Au inaona lakini haishiki? Au inashika halafu inaachia? Au inashika vizuri ila haipitishi?"

Katika maswali hayo manne pana utambuzi mzima wa maradhi ya mashine. Mashine isiyoona mtandao wowote ama redio yake imezimwa, ama kadi yake imekufa, ama mfumo haujui namna ya kuiendesha. Mashine inayoona bila kushika mara nyingi imenyimwa neno la siri lililo sahihi, au kadi yake ni kongwe mno kuufahamu mtindo wa ulinzi unaotumiwa na kituo. Inayoshika na kuachia yaelekea ina waya wa antena uliolegea. Inayoshika bila kupitisha aghalabu haina hatia. Kosa liko nje yake, kwenye kituo cha mtandao au kwa kampuni inayouza huduma. Yaweza kuongezwa swali la tano: je, inaiona mitandao yote isipokuwa mmoja? Kadi nyingi za zamani husikia masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Kituo kinachotangaza kwa gigahezi 5 kwao ni kama hakipo.

Vitenzi vyote hivi, kuona, kushika, kuachia na kupitisha, ni vya Kiswahili cha kila siku. Hakuna hata kimoja kilichotungwa kwa ajili ya tarakilishi. Lugha ilikuwa navyo, fundi akavichukua, akavipa kazi mpya. Hii ndiyo istilahi iliyo hai, na kwa kiasi kikubwa haimo katika orodha yoyote.

Hatua za Kazi

Mashine ya mwanafunzi haioni chochote. Fundi hakimbilii bisibisi. Anaitafuta kwanza swichi ya redio, kwa kuwa vipakatalishi vingi vya zamani vina kitelezi kidogo ubavuni au mbele, na mkoba huweza kukisukuma bila mwenyewe kujua. Swichi imewashwa. Anafungua orodha ya vifaa ambavyo mfumo unavitambua. Kadi ya waifai haimo. Hapo anajua kwamba tatizo limeshuka kutoka kwenye programu hadi kwenye chuma.

Anazima mashine, anachomoa chaja, anatoa betri. Anagusa chuma ili mwili upoteze umeme tuli, ambao hausikiki kidoleni lakini huweza kuua sakiti. Anafungua kifuniko cha chini. Kadi imelala, imebanwa kwa skrubu ndogo. Skrubu inapotolewa, kadi huinuka yenyewe kwa mshazari, na huchomolewa kwa kufuata mshazari huohuo. Fundi anaifuta miguu yake, anaichomeka upya, anawasha. Hatua hii wengi huidharau, lakini kutu na vumbi vimesababisha kadi nyingi kutangazwa maiti zingali hai. Safari hii bado haionekani. Kadi imekufa kweli.

Kadi mbadala nayo haichaguliwi kwa macho matupu. Vipakatalishi vya mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilitumia kadi za aina ya mini PCI. Kuanzia katikati ya muongo huo zikaja za mini PCI Express, zenye miguu 52, katika saizi mbili: ndefu, yenye milimita 30 kwa takribani 51, na fupi, yenye milimita 30 kwa takribani 27. Baadaye zikafuata za M.2. Kadi ya kizazi kimoja haiingii katika nafasi ya kizazi kingine. Kadi fupi inaweza kuwekwa katika nafasi ndefu iwapo kuna kipande cha kuirefusha, lakini ndefu haiwezi kukatwa ikawa fupi.

Kisha kuna waya za antena, mbili au tatu, nyembamba kuliko uzi wa kiatu. Hizi hupanda kupitia penye bawaba hadi ndani ya kifuniko na kuambaa kandokando ya kioo, kwani antena zenyewe zimefichwa huko juu. Fundi anaweka alama kukumbuka ni waya upi ulitoka wapi. Vifungo vyake hubanwa kwa kushuka wima mpaka vilie, wala havilazimishwi upande. Vile vinavyotumika sana katika kadi za mini PCI Express vimeundwa kuchomekwa na kuchomolewa takribani mara 30 tu. Kila anayefungua kwa udadisi anapunguza idadi hiyo.

Baada ya kadi mpya kuketi, mashaka ya aina tatu huweza kutokea, na kila moja lina kitenzi chake.

La kwanza ni kukataliwa. Fundi anawasha mashine, nayo inasimama kabla hata ya kuuamsha mfumo, ikiandika kwamba kadi iliyochomekwa haikuidhinishwa. Watumiaji wa vipakatalishi vya ThinkPad vya zamani waliufahamu sana ujumbe wa aina hii, wenye nambari 1802. Kadi ni nzima, na nafasi imeitosha barabara. Lakini ndani ya bayosi, ile programu ndogo inayoiamsha mashine, mtengenezaji ameweka orodha ya kadi anazozikubali. Isiyomo katika orodha hufukuzwa mlangoni, hata ikiwa bora kuliko iliyokufa.

La pili ni kuzimwa. Kadi imekubaliwa, jina lake linaonekana, lakini mfumo unasisitiza kwamba redio imezimwa na hakuna kitufe kinachoiwasha. Katika kadi za mini PCI Express mguu wa 20 ndio unaopokea amri ya kuzima redio. Mashine na kadi zisipoelewana kuhusu amri hiyo, kadi hukaa kimya ikidhani imeamrishwa kunyamaza. Mafundi huufunika mguu huo mmoja kwa kipande chembamba cha utepe, amri isifike, na kadi ikaamka.

La tatu ni kutosemezana. Mfumo unaona kwamba kuna kifaa kipya lakini haujui lugha yake, kwa kuwa hauna draiva. Hapa pana kinaya kinachowafurahisha mafundi: kadi ya intaneti inahitaji faili iliyoko kwenye intaneti. Dawa yake ni kutumia waya wa mtandao, au simu iliyounganishwa kwa kebo ya USB, au kuibeba faili kwa diski mweko kutoka mashine nyingine.

Mashine ya mwanafunzi imekumbwa na shaka la kwanza. Fundi anajaribu kadi mbili alizo nazo, zote zinakataliwa. Anaeleza kwamba kadi iliyomo katika orodha huenda ikapatikana Luthuli Avenue, au isipatikane kabisa, na siku nne si nyingi. Anavuta droo, anatoa kijiti cha waifai cha USB, anakichomeka ubavuni.

"Mlango wa mbele umefungwa, dadangu. Tupite mlango wa uani."

Orodha ile haikagui vijiti vya USB. Mashine inaona, inashika, inapitisha.

Orodha ya Wakubaliwa

Ni vyema kuwatendea haki watengenezaji. Maelezo yao ni kwamba mashine, antena na redio hupimwa na kuidhinishwa pamoja chini ya sheria za mawasiliano, na kadi ngeni huweza kurusha mawimbi kinyume na viwango. Maelezo hayo yana mantiki. Wakosoaji nao hujibu kwamba orodha hiyohiyo humlazimisha mteja kununua kipuri cha mtengenezaji kwa bei ya mtengenezaji, na kwamba mashine inapozeeka hakuna anayeirekebisha orodha. Kipuri kilichoidhinishwa kinaadimika, kisichoidhinishwa kinakataliwa, na mashine iliyo nzima kwa kila hali inatupwa.

Wapenzi wa Kiswahili hawana haja ya kutazama mbali ili kuiona orodha ya namna hii. Lugha hii imekuwa na vyombo vya usanifishaji tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania mwaka 1967. Kazi ya vyombo hivi haikadiriki thamani yake. Bila usanifu, mtahini wa Mombasa na mtahiniwa wa Busia wasingeelewana. Aidha, zimekuwapo juhudi mahsusi za kuiingiza lugha katika tarakilishi: mwaka 2004 mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zilizotafsiriwa, kwa jina Jambo OpenOffice, na Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows XP.

Pamoja na hayo, orodha inapokoma kuwa mwongozo na kugeuka kuwa bawabu, madhara yake hufanana na yale ya bayosi. Karatasi nyingi zimetumika kushindania tarakilishi na kompyuta, la kwanza likipendwa katika vitabu vya shule vya Kenya na la pili likitawala Tanzania. Kipakatalishi ni neno lililojengwa kwa ustadi juu ya kitenzi pakata, na makala haya yanalitumia bila kinyongo. Lakini mtu anaweza kuyajua majina yote matatu na bado ashindwe kumjibu fundi anapouliza kama mashine haina au haishiki. Majina humfikisha mlangoni tu.

Kuna methali nyingine ya mgeni ambayo yafaa iwe kanuni ya istilahi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Meza ilitoka kwa Wareno, gari likatoka Uhindini, bawaba na lehemu vikatoka Uarabuni, nati na skrubu zikatoka Uingereza. Hakuna anayeyataka maneno haya kitambulisho leo, maana yalipewa jembe na yakalima. Neno draiva linalima vilevile. Fundi anapakia draiva, anaisasisha, anaiondoa, na mwanagenzi anamwelewa papo hapo. Mbadala wake, kiendeshi, lina sura nzuri ya Kibantu, ila kwa muundo wake laweza pia kumaanisha kile kinachozungusha diski. Mbele ya mashine iliyofunguliwa, utata wa aina hiyo una gharama.

Pingamizi na Majibu Yake

Yamkini msomaji atasema kwamba lugha ya mafundi wa mitaa ya Mashariki ya Nairobi ni Sheng, na kwamba kuiandika ni kuibomoa nyumba ambayo wataalamu wameijenga kwa jasho. Pingamizi hili lina uzito katika majina. Majina ya vipuri hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa, na mengi hayatamaliza mwaka. Lakini vitenzi vinavyoendesha kazi husimama imara. Kuchomeka na kuchomoa, kubana na kulegeza, kuwasha na kuzima, kutambua, kutambulika na kutambulisha: hivi ni Kiswahili sanifu kisicho na doa. Isitoshe, chomeka na chomoa ni mfano hai wa uhusiano kati ya kutenda na kutendua, ule ambao mwanafunzi huukariri kwa ajili ya mtihani pasipo kuuona ukifanya kazi.

Pingamizi la pili ni kwamba teknolojia hukimbia. Vipakatalishi vingi vyembamba vya siku hizi vina redio iliyolehemiwa kwenye bodi, na hakuna kadi ya kubadilisha. Kuna faida gani kuandika kuhusu kifaa kinachotoweka? Jibu ni kwamba kizazi cha mini PCI kimekwisha kutoweka, cha mini PCI Express kinafuata, na kuchomoa kungalipo. Anayeandika mwongozo wa kadi leo anajizoeza nathari itakayoeleza pampu ya maji au paneli ya sola kesho. Zaidi ya hayo, mashine nzee ndizo zilizo mikononi mwa wengi, wakiwamo wanafunzi.

Pingamizi la tatu husemwa kwa sauti ya chini: miongozo yote imo katika Kiingereza, na kila anayehitaji husoma huko. Si kila mtu. Mwanagenzi aliyeacha shule kidato cha pili hujifunza kwa kutazama mikono ya bwana wake. Akitazama vizuri, ataiga vizuri. Lakini siku itakapotokea hitilafu ambayo bwana wake hakuwahi kukumbana nayo, wote wawili watakwama, kwa kuwa maarifa yao hayakuandikwa katika lugha wanayofanyia kazi. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, juu ya hadhi yake ya lugha ya taifa. Urasmi huo utakuwa wa karatasi tu iwapo lugha itatumika kuhutubia na isitumike kufundishia kazi.

Ni muhimu pia kuonya dhidi ya ukali wa upande wa pili. Wapo mafundi wanaoibadilisha bayosi yenyewe ili kuifuta orodha. Wakifaulu, mashine hupokea kadi yoyote. Wakikosea, bodi hufa na hakuna cha kuamsha tena. Vivyo hivyo, anayedai kwamba usanifu wote utupwe na kila mtu aandike apendavyo anahatarisha bodi nzima kwa ajili ya kadi moja. Njia ya salama ni orodha inayosasishwa, inayosikiliza karakana kabla ya kutoa uamuzi.

Pendekezo

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili huandaa makongamano, mashairi ya majibizano, michezo ya kuigiza na ziara za Pwani. Vyote hivyo ni vyema. Kwavyo vyaweza kuongezwa jambo moja la gharama ndogo. Kila mwaka chama kichague kazi moja ya ufundi: kubadilisha kadi ya waifai, kubadilisha kioo kilichovunjika, kusafisha feni iliyojaa vumbi. Wanafunzi wawili au watatu waende karakana na daftari, wamtazame fundi akifanya kazi hiyo mara kadhaa, waandike kila kitenzi anachokitumia na mahali anapokitumia. Kisha watunge mwongozo wa kurasa chache kwa nathari safi. Wasikwepe neno draiva panapohitajika draiva, wala wasitumie neno la kigeni pale bisibisi linapotosha.

Mwongozo huo usisahihishwe na mhadhiri kwanza. Upewe mwanagenzi ambaye hajawahi kuifanya kazi hiyo, aufuate peke yake huku fundi akimwangalia. Mashine ikishika mtandao, nathari imefaulu. Waya ukichomekwa mahali pasipofaa, sentensi iliyompotosha itafutwe na iandikwe upya. Mashine haimpi mtu alama kwa ufasaha, wala haimwonei haya mwenye shahada. Ndipo mhadhiri apokee kazi hiyo, aipime kwa kanuni za sarufi na mtindo, na aitambue kama kazi ya kitaaluma sawa na uchambuzi wa riwaya. Idara zikikusanya miongozo ya aina hiyo kwa miaka mitano, wanakamati wa istilahi watakuwa na ushahidi mezani: maneno yaliyokwisha kulima, pamoja na mashamba yaliyolimwa.

Hitimisho

Wapagazi waliouachia mtaa wa Kariokor jina lake walitoka katika jamii nyingi zenye lugha nyingi, na wengi wao waliwasiliana kwa Kiswahili njiani. Lugha hiyo ilibebwa na watu wa kazi kabla ya kuwekwa katika kamusi nyingi zilizopo leo. Ingali inabebwa na watu wa kazi, kibandani, kati ya skrubu na vumbi. Mwanafunzi wa mfano aliondoka na kijiti chake cha USB na akaiwasilisha kazi kwa wakati. Huenda kazi hiyo ilihusu uundaji wa istilahi. Akipenda, anaweza kurudi Kariokor na daftari, kwa maana fundi aliuliza swali ambalo darasani halijajibiwa bado: haina, au haishiki? Wenye kukipenda Kiswahili wanaposema kwamba lugha hii haina msamiati wa teknolojia, waulizwe swali hilohilo. Msamiati upo. Kilichosalia ni waya wa kuufikisha chuoni, nao uchomekwe.